Meya Hana Barabara: hotuba kwa madiwani na viongozi wa masoko

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya madiwani, wenyeviti wa mitaa na viongozi wa masoko katika ukumbi wa Arnautoglu, Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Wengi walioalikwa walikwama kwenye foleni za mvua, wakaomba niyaweke yote hapa. Picha nilizoonesha ukutani nimeziacha. Hazikuwa nzuri sana.

Mstahiki Meya, waheshimiwa madiwani, wenyeviti wa serikali za mitaa, viongozi wa masoko, mama zangu wa Ilala Boma mliojipanga kule nyuma karibu na mlango, vijana wa vyuo: asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na watu wa Kariakoo, ambao salamu yenu ni moja tu: biashara inasemaje? (Kicheko.)

Nimeombwa nizungumzie kazi ya umeya na uchumi wa mji. Mimi sijawahi kuwa meya wala diwani. Nimekuwa mtumishi wa idara ya biashara ya halmashauri tangu ujana mpaka nikastaafu, na katika muda huo nimewatumikia mameya wa kila namna: wanaosoma makabrasha kabla ya kikao, na wanaoyafungua kikaoni. Wa kundi la kwanza nawakumbuka kwa majina. Wa kundi la pili nawakumbuka kwa hotuba zao. (Makofi.)

Nianze na swali. Nani humu ndani amewahi kumpigia kura meya? Nyosheni mikono tuone.

Mnaona? Mikono yote iko meza za mbele. Ni madiwani peke yao. Mwananchi wa Kiwalani au Kitunda hajawahi kumchagua meya, ingawa barabarani anamlaumu kana kwamba alimwandikia mkataba. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile ya mamlaka za miji, madiwani wanamchagua meya kutoka miongoni mwao. Maana yake meya ni diwani kwanza, ana kata yake, na mitaro yake iliyoziba kama ya mwenzake yeyote. Naibu wake anachaguliwa kila mwaka. Mkurugenzi wa Jiji, ambaye ndiye anayesimamia watumishi na malipo, anateuliwa na Rais. Mkuu wa Mkoa anateuliwa na Rais. Mkuu wa Wilaya, vilevile.

Haya, tuendelee. Barabara ya mtaani kwako ni ya nani? Tangu 2017 ni ya TARURA. Maji? DAWASA. Umeme? TANESCO. Mwendokasi? DART. Nauli ya daladala? LATRA. Mtu anakuja ofisini kwa meya na picha ya shimo kwenye simu, meya anaitazama kwa huruma, anapiga simu TARURA kama ambavyo mwananchi mwenyewe angepiga. Tofauti ni kwamba ya meya inapokelewa. (Kicheko.) Wakati mwingine.

Sasa meya ana nini? Ana joho, ana mkufu, na ana kiti. Joho na mkufu ni vya siku za sherehe. Kiti ndicho kazi. Anaongoza Baraza la Madiwani, na anaongoza kamati ya fedha, ile inayokutana kila mwezi. Masoko yako mikononi mwa baraza. Leseni za biashara, machinjio, taka, stendi ndogo, vibali vya ujenzi, sheria ndogo, mikopo ya vikundi, yote yanapita pale. Ndugu zangu, ukitazama mtu wa kawaida wa Dar es Salaam anavyotafuta riziki, vitu hivyo vinamgusa kabla hajafika kwenye kitu chochote cha wizara.

Kulikuwa na mtu aliyekifaa kiti hiki vizuri, na vijana wengi wanamjua kwa jina la uwanja wa mpira wa Arusha tu. Sheikh Kaluta Amri Abedi. Mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam. Alikuwa mshairi, tena mshairi wa kanuni. Aliandika kitabu kizima cha kuwafundisha watu vina na mizani. Mimi huwa nafikiri hakuna chuo cha umeya kizuri kuliko hicho. Mshairi wa mapokeo amepewa mizani nane na nane, kina cha kati na kina cha mwisho, hawezi kuongeza hata silabi moja, na humo humo anatakiwa aseme jambo ambalo halijasemwa. Meya wetu naye kapewa mizani. Anayelalamika kwamba sheria inambana, mpeni shairi atunge, mtamjua mapema.

Amri Abedi hakukaa sana kwenye kiti. Uhuru ulikuja, akawa waziri, na mwaka 1964 akafariki. Mji aliouongoza, kwa sensa ya 1957, ulikuwa na watu 128,742. Sensa ya 2022 imetuhesabu 5,383,728 katika mkoa mzima. Kiti ni kilekile.

Au tuseme, kinaitwa kilekile, maana kimevunjwa na kuungwa mara kadhaa. Waheshimiwa madiwani, hili naomba mlisikilize kwa makini, kwa sababu linahusu muda wenu wa kuishi kazini.

Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, madaraka yakapelekwa mikoani. Miji ikaendeshwa bila mabaraza mpaka 1978, huduma zilipokuwa zimeharibika kiasi cha kutisha, mabaraza ya miji yakarudishwa. Mwaka 1996 Waziri Mkuu Sumaye alilivunja Baraza la Jiji la Dar es Salaam, ikaja Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Mwaka 2000 Tume ikaondoka, zikaja manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, na Jiji juu yake. Baadaye zikazaliwa Ubungo na Kigamboni. Februari 2021 Rais Magufuli akalivunja Jiji lile la juu, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa ndiyo Jiji la Dar es Salaam.

Kati ya 2000 na 2020 tulikuwa na mameya wa Jiji: Kleist Sykes, Adam Kimbisa, Didas Masaburi, Isaya Mwita. Nani hapa anaweza kusimama aniambie kila mmoja alituachia nini? Siulizi kwa kejeli. Najua kazi walizofanya, nyingine niliziona kwa macho. Nauliza kwa sababu hata ninyi wa meza za mbele mmekaa kimya, na ninyi ndio warithi wao.

Kinachobaki ni kipi? Nitawapa mifano miwili.

Wakati wa Tume, taka zilikuwa zimeushinda mji. Waliokuwapo wanakumbuka, harufu ilikuwa inakupokea kabla ya mwenyeji. Kilichofanyika ni kugawa maeneo kata kwa kata, na kuwapa wakandarasi binafsi na vikundi vya jamii. Kina mama na vijana waliokuwa hawana kazi wakapata toroli, koleo, na kitabu cha risiti. Kulikuwa na vurugu nyingi, watu waligoma kulipa, wakandarasi wengine walikimbia. Lakini wazo kwamba taka ni ajira, kwamba kikundi cha mtaa kinaweza kuingia mkataba na halmashauri kikalipwa, lile wazo halikuondoka na Tume. Kwa nini? Kwa sababu liliandikwa kwenye mikataba na sheria ndogo. Asubuhi hii mmepishana nalo barabarani likisukuma mkokoteni.

Mfano wa pili ni kituo cha mabasi cha Mbezi. Halmashauri ya Jiji ilikijenga kwa zaidi ya shilingi bilioni 50, na mwezi uleule wa Februari 2021 kilipozinduliwa, halmashauri iliyokijenga ikavunjwa. Usimamizi wa kituo ukahamia Manispaa ya Ubungo. Je, basi la Mwanza liliuliza aliyejenga yuko wapi? Liliingia, likashusha. Mama wa chai akawasha jiko, akaanza siku.

Kwa hiyo, mheshimiwa, ukiwa na miaka mitano na hujui kama itafika mitano, usiweke nguvu zako kwenye kukata utepe. Weka kwenye sheria ndogo, mikataba na bajeti. Havina picha nzuri, lakini mrithi wako akitaka kuviondoa itabidi aitishe kikao.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta, nalo nitakaa nalo.

Biashara inafuata miguu. Nirudie. Biashara inafuata miguu. Ofisi ya mipango inaweza kuchora, injinia anaweza kujenga, meya anaweza kuzindua, lakini kama miguu ya watu inapita upande mwingine, umejenga ghala la upepo.

Machinga Complex pale Ilala mnaijua wote. Jengo la ghorofa, lilijengwa kwa mkopo wa NSSF, likafunguliwa mwaka 2010 kwa nia njema kabisa. Kijana anayetembea na soksi begani apate kizimba, akae kivulini, awe na anuani. Walipanda? Wachache. Miaka ikapita, vizimba vya juu vikabaki na vumbi, na ng'ambo ya ukuta soko la Karume watu wanakanyagana. Karume ilipoungua Januari 2022, wafanyabiashara walichoomba ni kurudi palepale kwenye majivu. Palepale!

Watu wengi walisema machinga ni wakaidi. Nimewasikia viongozi wakisema hivyo kwenye vikao na karanga mdomoni. Hebu tufikiri pamoja. Nani anayenunua soksi za machinga? Ni mtu aliyetoka kazini, kashuka daladala, macho yakagongana na soksi, bei nafuu, akatoa hela. Mtu huyo hakuamka nyumbani akasema leo naenda kutafuta soksi. Ukimpandisha muuza soksi ghorofa ya tatu, umempa paa ukamnyang'anya mteja. Yeye anajua hesabu hiyo. Sisi ndio tulikuwa hatuijui.

Sasa vukeni barabara mwende Kariakoo. Kuna maghorofa yamejaa fremu za biashara mpaka juu, na fremu ya juu inakodishwa kwa fedha ambayo ukiitaja watu wanashika kichwa. Mbona huko wanapanda? Kwa sababu mteja wa Kariakoo ni wa aina nyingine. Mfanyabiashara kutoka Lusaka au Lubumbashi amekuja na orodha, amesafiri usiku na mchana, ana namba ya simu ya muuzaji. Huyo atapanda hata ngazi za giza, maana mzigo anaoutaka anajua uko wapi. Ghorofa linamfaa anayeuza jumla kwa mteja wa miadi. Linamuua anayeuza rejareja kwa mpita njia. Jambo lenyewe ni hilo tu, na lingewekwa kwenye kabrasha moja kabla ya zege la kwanza, tungeokoa fedha nyingi.

Hata lile soko kuu la Kariakoo, alilolichora Beda Amuli likafunguliwa miaka ya sabini, tazameni alivyolifikiria. Miavuli mikubwa ya zege inayoleta kivuli na kukusanya maji ya mvua, shughuli za mizigo chini ya ardhi, watu juu. Mizigo na miguu haikugombana. Moto wa Julai 2021 ulituumiza sote, na ukarabati wake mmeuona. Ombi langu kwa mliopewa kulisimamia: vizimba vya karibu na milango, wapewe wauza rejareja wadogo. Mwenye jumla mpelekeni ndani, wateja wake watamfuata.

Nitoke kidogo nje ya nchi. Mji wa Curitiba, Brazil, mwaka 1971 ulipata meya kijana, msanifu majengo, anaitwa Jaime Lerner. Yeye pia hakuchaguliwa na wananchi, aliwekwa na serikali ya kijeshi, kwa hiyo msinisikie nikisifu namna alivyoingia. Mwaka 1972 alitaka mtaa mkuu wa maduka, Rua XV de Novembro, uwe wa waenda kwa miguu. Wenye maduka walikataa kabisa. Walisema wateja wao wanakuja na magari. Lerner alisubiri Ijumaa jioni, mahakama zimefungwa, akaingiza mafundi, na baada ya saa 72 mtaa ulikuwa na mawe mapya, taa na maua. Wenye maduka walipoona miguu imeongezeka, wakaja na ombi jipya: ongeza na mitaa mingine.

Ujanja wa Ijumaa jioni siwafundishi, mwanasheria wa Jiji ameshaanza kunitazama. (Kicheko.) Ninachotaka mkione ni kwamba hata wafanyabiashara wenyewe hawakujua wateja wao wanafikaje dukani. Walidhani, hawakuhesabu. Na Curitiba hiyohiyo ndiyo iliyoanzisha mwaka 1974 mabasi yenye njia yake peke yake, Bogotá wakaiga mwaka 2000, na Mei 2016 yakaanza kutembea Kimara hadi Kivukoni. Angalieni vituo vyake leo. Palipo na kituo, miguu imehamia. Je, vizimba vyetu vimehamia? Tumewasogeza mama lishe karibu, kwa utaratibu, na maji na mahali pa kumwaga uchafu? Au tumewapelekea mgambo?

Kuhesabu miguu hakuhitaji mtaalamu mshauri. Miaka ya nyuma idara yetu ilikuwa na soko moja upande wa Temeke lililokuwa limedoda. Ushuru hauji, vizimba vimefungwa, na pendekezo lililokuwa mezani ni kulivunja tujenge jipya kwenye kiwanja kingine. Tulimchukua kijana wa mafunzo, tukampa daftari na kiti cha plastiki, akae pale kuanzia alfajiri mpaka giza liingie. Kazi yake ilikuwa kuchora mstari kila anapopita mtu, na kuandika anatokea wapi. Aliporudi, daftari lilionesha kitu ambacho wauza mchicha walikuwa wanakisema siku zote: watu wanashuka daladala nyuma ya soko, wanapita uchochoroni, na lango la soko linatazama barabara kubwa ambayo hakuna anayeshukia. Tulivunja kipande cha ukuta, tukaweka lango upande wa nyuma, taa, na choo chenye maji. Basi. Wauza mboga waliokuwa wakifunga jua likizama wakaanza kukaa mpaka saa tatu usiku, kwa sababu mteja wao mkubwa ni yule anayerudi kazini amechoka, anapika usiku. Lango liligharimu kidogo kuliko posho za vikao tulivyokaa kujadili kulivunja.

Taa na choo. Mwaka 2025 mji mzima ulizungumzia Kariakoo kufanya biashara saa 24. Ni jambo zuri. Lakini mwanamke atauza saa saba usiku mahali penye giza na choo kimefungwa? Ulizeni kina mama. Wako hapa. (Makofi, sauti za akina mama.)

Nendeni pia soko la samaki la Feri alfajiri. Soko lile lilijengwa kwa msaada wa Japani, likafunguliwa 2002. Samaki mmoja anashuka kwenye boti, anapita mnadani, kwa waparaji, kwa wakaangaji, kwa muuza barafu, muuza kuni, wa bodaboda, mama wa Tandale anayemnunua kwa ndoo. Kila mmoja anabaki na kitu. Mnapotaka kujua neno uchumi wa mji lina maana gani, simameni pale mkifuata samaki mmoja kwa macho. Halafu angalieni ni wapi katika safari yake halmashauri inaweza kuondoa adha, na ni wapi tumeweka adha sisi wenyewe.

Fedha. Hapa nitawaudhi baadhi yenu.

Nguvu ya halmashauri ni mapato ya ndani. Kodi ya majengo, ambayo miji mingi duniani inaitegemea, ilikwenda TRA mwaka 2016, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU. Kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, sasa 1,500. Anayenunua umeme ndiye anayekatwa, mara nyingi mpangaji. Baraza haliikusanyi. Tumebaki na nini? Leseni, ushuru wa masoko, vibali, maegesho kwa sehemu, na ushuru wa huduma, ule ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni.

Sasa angalieni tunavyotumia nguvu zetu. Mama wa mchicha anadaiwa shilingi mia tano. Kumpata kunahitaji mkusanyaji, mashine ya POS, karatasi, bando, na mgambo wawili wa kumtisha. Katika jengo la vioo nyuma yake kuna kampuni ambayo haijawasilisha hesabu za mauzo yake kwa halmashauri, na barua tuliyoiandikia iko mapokezi haijafunguliwa. Nani tunamfuata? Tunamfuata mama, kwa sababu anaonekana na hana mwanasheria. Meya anayejua kazi yake huanza kikao cha kamati ya fedha kwa swali moja: walipaji wetu wakubwa ni nani, na mwezi huu nani hajaleta? Nilimtumikia mmoja aliyekuwa akiuliza hivyo kila mwezi, bila kupandisha sauti. Wahasibu walimwogopa kuliko CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali.

Na zile asilimia kumi. Sheria ilirekebishwa 2018, kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kina mama, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Aprili 2023 ikasimamishwa, kwa sababu ripoti za CAG zilikuwa zinaonesha fedha zisizorejeshwa na vikundi visivyoonekana. Mwaka 2024 ikarudi na utaratibu mpya. Mimi naiunga mkono, bila ya hivyo mama zetu wanaishia kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa. Ila nina neno.

Tulikwenda Buguruni kuwahamasisha mama lishe waunde kikundi. Tulieleza vizuri, katiba ya kikundi, muhtasari, akaunti ya benki, barua ya mtendaji wa kata. Mama mmoja alikuwa anakoroga maharage, hakuacha kukoroga. Tulipomaliza akasema: "Mwanangu, nimekusikia. Mkopo ni mzuri. Lakini nikikopa leo ninunue sufuria, kesho mgambo akizibeba, deni nalipa na sufuria sina. Nipe kwanza karatasi inayosema hapa ni pangu mpaka saa ngapi."

Mwanangu, nipe karatasi. Hakuna semina niliyokaa iliyonifundisha zaidi ya hapo. Mkopo bila mahali ni deni tu. Oktoba 2021 machinga walipoondolewa pembezoni mwa barabara, wengi walikuwa wana marejesho ya mikopo hiyohiyo ya halmashauri. Mkono mmoja ulitoa, mwingine ukabeba meza. Kwa hiyo, waheshimiwa, mkipitisha orodha ya vikundi vya mikopo, wekeni safu moja ya ziada: anafanyia wapi biashara, na kibali chake cha mahali kinaisha lini. Kama safu hiyo ni tupu, msisaini kwanza. Tafuteni mahali.

Nimebakiza jambo moja, nitalipitia haraka, mwenyekiti ameshaanza kukohoa. Mto Msimbazi unapita Vingunguti, unafika Jangwani, unaingia baharini pale Salender. Upande huu Ilala, upande ule Kinondoni. Mvua ikinyesha, maji hayasomi bango la mipaka. Tangu 2021 hakuna baraza moja linalokaa juu ya hizi halmashauri tano. Sidai lirudishwe, lilikuwa na gharama zake. Lakini ni nini kinachowazuia mameya watano kukaa meza moja kila mwezi, chai na mihogo, bila posho? Taka za mmoja ni mafuriko ya mwenzake. Bodaboda aliyesajiliwa Temeke anapakia Posta. Machinga aliyefukuzwa Kinondoni kesho yuko Ubungo. Mstahiki Meya, mwanzishe wewe. Ukumbi huu upo, na mihogo nitaleta mimi. (Makofi.)

Waheshimiwa madiwani wapya, Jumatatu mkifika ofisini, msiombe gari. Mwombeni mweka hazina taarifa ya mapato ya kata yako, robo ya mwisho, chanzo kwa chanzo. Ni haki yako kuipata. Akikuambia haijagawanywa kwa kata, mwambie utasubiri, na ukae pale kwenye kiti chake cha wageni mpaka aanze kuigawa.

Mwenyekiti, nimemaliza. Kabla ya diwani yeyote kuuliza swali, naomba kipaza sauti kipelekwe nyuma kwa yule mama mwenye kitenge cha njano. Amenyoosha mkono tangu nitaje vizimba vya karibu na mlango, na usoni naona hakubaliani na mimi.